Samaki Waliokufa Moshono

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu Tengeru kuniuliza mambo ya matangi ya samaki, swali lenu ni lilelile kila siku: "Mzee, samaki wakifa ghafla tuanze kupima nini?" Mnataka niwatajie dawa. Mimi nawaambia hivi: simameni kwanza mlangoni, fungeni midomo, muogope. Ndiyo, muogope! Mimi ni mwoga toka kuzaliwa, mke wangu anaweza kula kiapo, na woga huo ndio umenilisha kwenye kazi hii mpaka mvi zikanijaa. Samaki akifa, kuna kitu ndani ya ile nyumba kimemuua. Na wewe umeshaingia humo, unavuta hewa ileile.

Tangi la maji baridi mtu yeyote analilea, hata wewe unayesinzia hapo nyuma. La maji ya chumvi huku kwetu chini ya Mlima Meru, bahari iko huko tusikokuona, hilo ni ukaidi mtupu. Chumvi yenyewe inakuja kwenye pakiti, unaikoroga kama uji. Maji ya bomba huwezi kuyaamini, tazameni meno yetu yalivyo ya kahawia, kwa hiyo tunakinga ya mvua. Samaki wanapanda basi kutoka Tanga wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa hewa, na wakishuka wazima wewe mwenyewe unashangaa. Ndiyo maana mmoja akielea tumbo juu, mwenye nyumba anapiga simu utadhani amefiwa na shemeji.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani, Mungu amrehemu, mtu wa Tanga aliyeletwa Arusha kulea tangi la hoteli moja mjini. Mimi nilikuwa mfagiaji wa ukumbi. Hakuwa na upole wowote yule mzee. Ukikosea anakuangalia weee, halafu anakuuliza, "Zakaria, mama yako anajua kwamba uko hivi?" Lakini alikuwa na neno moja alipenda kulirudia akisafisha vioo: "Kila mtu anashtaki maji, kwa sababu maji yanaonekana. Hewa nani amewahi kuishtaki?" Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni maneno ya watu wa pwani, wanaopenda kuongea.

Kuna mfugaji mmoja wa Kisongo, nyumba nzuri, ng'ombe wa kutosha, samaki wake walikuwa wakiteketea kila baada ya muda. Maji nimepima, mazima. Siku hiyo nikamkuta ametoka kuwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Kasuuza mikono kwa maji matupu, halafu huyo, mkono mpaka kiwiko ndani ya tangi, anaweka sawa jiwe. Pale kwake kamba ndio walioanza kufa, samaki wakafuata. Shikeni hilo. Dawa ya wadudu huanza na kamba na kaa, maana hao na wadudu ni ukoo mmoja. Nilipomwambia, akabisha kwamba dawa ile haina neno, yeye huwa inamrukia mpaka usoni. Nikamwambia, "Shemeji, wewe si kamba."

Kwingine nilikuta bia. Ilikuwa sherehe ya kipaimara, mjomba mtu kalewa, akaona si vizuri samaki wakose. Huko sikupima kitu, nilinusa tu.

Haya, ya kucheka yamekwisha. Hili linalofuata hata leo nikilisimulia mikono inaniingia baridi, na si zamani, nilikuwa nakaribia kuacha kazi.

Mwezi wa saba, ile baridi ya kuchoma masikio, ukungu umeshuka Moshono mpaka huoni geti la jirani. Aliyenipigia ni Elibariki, dereva wa watalii, kijana wetu wa Kimeru, mtu na heshima zake. Tangi la sebuleni kwake nilimfungia mimi.

"Shikamoo, mzee. Samaki wanakwisha. Nimebadilisha maji, nimebadilisha tena, wanakwisha tu." Kisha akateremsha sauti. "Ni tangu mtoto azaliwe, mzee. Watu wameanza kusema mtoto kaja na mkosi."

Nilipofika nikasimama mlangoni kama kawaida yangu, nikanusa. Mtori. Maziwa ya moto. Sabuni ya kufulia nepi. Hakuna kibaya. Kwenye korido alikuwa amekaa mama yake Elibariki, bibi mwenye sauti nzito, ameshuka kutoka juu mlimani kumlea mzazi. Alikuwa ameegemeza kiti chake kwenye mlango wa chumba cha nyuma, anamenya ndizi. Ndani ya chumba hicho ndimo alimokuwa mkwewe, Upendo, na kitoto kichanga. Desturi mnaijua. Mzazi hatoki, anakula mtori, anapashwa joto, na mwanaume wa nje hakanyagi humo, kwa heshima, na kwa sababu ya macho ya watu.

Nikapaza sauti nikiwa palepale sebuleni, "Hongera mzazi!"

"Asante, baba," sauti ikajibu, nyembamba, kama ya mtu anayezungumza akiwa chini ya mablanketi.

"Kichwa kinamsumbua," bibi akasema. "Uchovu wa kujifungua. Hata mimi kinaniuma, ni hii baridi."

Nikaenda kwenye tangi. Samaki mmoja, kitatange, alikuwa amelala chini, amekufa. Samaki wawili waliobaki, wale kangaja, walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema kama watu waliokimbizwa. Lakini kamba! Kamba alikuwa anatembea juu ya jiwe kwa madaha kama mwenyekiti wa kijiji, na kaa naye anakula zake. Basi si dawa ya mbu, si dawa ya kupe. Nikapima chumvi, iko sawa. Nikapima ule uchafu unaotokana na mkojo wa samaki, hakuna. Nikamtoa kitatange, nikamfunua matamvua nione. Samaki aliyekufa kwa maji machafu matamvua yake huwa ya kahawia au yamepauka. Haya yalikuwa mekundu. Mekundu ya kung'aa, mazuri, kama amechinjwa sasa hivi. Sikuelewa. Nilimgeuza na kumgeuza, nikajua ule woga wangu umeamka.

Nikatia matone ya kupimia asidi. Hapo rangi ikakataa: maji yalikuwa yamechachuka, siyo maji ya bahari tena.

"Si nilisema ni maji?" Elibariki akasema.

"Subiri."

Nikachota ndoo moja nikaipeleka barazani. Huwa natembea na pampu ndogo ya betri, kwa ajili ya umeme unapokatika. Nikautumbukiza mpira wake, nikaacha hewa ya nje ichemshe yale maji. Tukakaa pale tukitetemeka na ukungu, yeye akiniambia habari za wageni wake, mimi simsikii. Nilipopima tena, maji yamepona. Sikuyaongezea kitu, ni hewa tu. Nikachota ndoo ya pili, hii nikaiweka sebuleni, pembeni mwa tangi, pampu ileile. Nayo ikapona, japo taratibu.

Vijana, hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Shabani na maneno yake. Maji hayana kosa. Hewa ya sebuleni haina kosa. Sasa hili tangi linavuta hewa gani?

Nikainama chini ya meza, mahali nilipoifunga pampu kwa mikono yangu. Haipo.

"Elibariki, pampu iko wapi?"

"Niliihamisha, mzee. Inanguruma, tulikuwa hatusikii taarifa ya habari. Nimeiweka chumba cha nyuma, kilikuwa hakina mtu. Mpira nimeupitisha kwenye lile tundu la waya wa tivii."

"Chumba cha nyuma kipi?"

Elibariki aligeuza uso taratibu akatazama kile kiti cha mama yake.

Nilikwenda kwenye korido, nikachuchumaa mbele ya yule bibi. "Mama, humo ndani mnaota nini?"

"Ataota nini mzazi? Jua liko wapi na ukungu huu? Jiko la mkaa limo toka alfajiri. Mkaa wenyewe mzuri, umeiva, hauna hata moshi."

Pale hotelini zamani tulikuwa na mlinzi, mtu mpole sana. Msimu wa baridi kama ule aliingiza jiko kwenye kibanda chake, akafunga mlango. Tulipomkuta asubuhi tulidhani amelala, kwa kuwa uso wake ulikuwa mwekundu, midomo myekundu, utafikiri mtu mwenye afya kutuzidi sisi. Nilimshika mkono nikimtania aamke, kumbe ameshakufa. Sasa nikiwa nimechuchumaa pale koridoni niliona ule uso, na niliona yale matamvua. Niliogopa, wanangu, sijapata kuogopa vile.

"Mama, fungua mlango."

"Haingii mwanaume humu. Hata huyu mwanangu anasalimia akiwa mlangoni."

"Basi fungua wewe. Toa jiko, fungua madirisha."

Akaweka kisu chini. "Fundi, nimelea wazazi wangapi kwa moto, mimi? Nimelea dada zangu, nimelea wakwe, hakuna aliyekufa na joto. Wewe ni fundi wa samaki. Unataka unifundishe uzazi?"

Na nisikilizeni, hakuwa mjinga yule mama. Alichosema ni kweli. Nikamwambia, "Uliwalea kwenye nyumba ya majani, mama. Paa lile lilikuwa linapumua, moshi unajitokea wenyewe. Tazama hii. Dari ya jipsamu, dirisha la aluminiamu, na chini ya mlango umeziba na blanketi. Hewa ya mkaa itatokea wapi? Ile haina harufu, haina moshi. Inatokea kwenye mpira wa samaki tu, na samaki wamekufa."

Elibariki alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. "Mama," akasema.

"Mtoto amenyonya saa ngapi?" nikauliza.

"Amelala. Kitoto kitulivu hiki, hakijalia toka asubuhi."

Yesu wangu! Nilitaka kupiga kelele. Nikasema polepole, "Mama, muite mkweo. Akikujibu, mimi nachukua ndoo zangu naondoka, na nitakuomba radhi mbele ya mwanao."

Alinitazama kwa dharau, akageuza shingo. "Upendo!"

Kimya. Tukasikia ile pampu tu, inanguruma ndani.

"Upendo! We Upendo, mwanangu!"

Kimya.

Yule bibi alisimama mpaka beseni la ndizi likamwagika. Akasukuma kiti kwa mguu. "Ingieni," akasema, na sauti ile nzito ilikuwa imekwisha. "Ingieni wote."

Chumba kilikuwa na joto zuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, lilikuwa joto zuri, la kumfanya mtu avue viatu. Upendo alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, hayatuoni, na midomo yake myekundu kama aliyejipamba. Elibariki alimbeba kama gunia, akagonga bega ukutani wala hakuhisi. Bibi alimnyakua mtoto na blanketi zake akatoka mbio, mwanamke wa umri ule! Mimi nikafungua dirisha, nikalibeba lile jiko kwa kitambaa cha kitanda, nikalitupa nje kwenye nyasi zilizolowa.

Barazani Upendo alitapika, nikashukuru, maana anayetapika yu hai. Mtoto alikuwa kimya. Bibi kapiga magoti, amemlaza mapajani, anamsugua nyayo, anampulizia usoni, anamwita kwa Kimeru. Mtoto kimya. Alikuwa na rangi nzuri, mashavu mekundu, mtu mwingine angesema mtoto wa afya. Nilianza Baba Yetu nikasahau katikati, mimi mzee wa kanisa. Elibariki alikuwa ameshika funguo za gari, hajui azitie wapi, anauliza, "Mzee, nifanye nini? Nifanye nini, mzee?" Maarifa yangu yote yalikuwa ya tangi.

Kisha kikakohoa. Kikakunja uso, kikanyamaza tena, sisi roho mkononi, halafu kikalia. Kilio chembamba, kama cha paka, kikakua, kikakua mpaka majirani wakatoka.

Tukawakimbiza hospitali, wakawekewa oksijeni wote wawili, na bibi naye, kwa kuwa ile hewa ilikuwa imeshaanza kumla pale mlangoni. Daktari hakutufokea. Alisema tu kwamba msimu wa baridi anawapokea wengi, na si wote wanaofika wakiwa wanalia.

Basi ninyi, mkiona kamba yu mzima, maana yeye hana damu nyekundu ya kushikwa na hewa ya mkaa, na samaki amekufa, matamvua mekundu na maji yamechachuka, msibadilishe maji. Fuateni mpira wa hewa mpaka mwisho wake, na mkifika mwisho, angalieni kuna nani anayelala hapo. Jiko la mkaa halilali na mtu, hata likiwa limefifia, hata mkaa ukiwa mweupe kwa majivu. Na mkiambiwa ninyi ni mafundi wa samaki tu, kubalini, halafu mseme hivyohivyo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini jioni ile, pale kwenye benchi la hospitali, wengine wote wamefurahi, Elibariki anapiga simu huku analia huku anacheka, yule bibi alikuwa amekaa peke yake, mikono ameibana katikati ya magoti. Nikamwendea nikidhani ana aibu, nikataka kumpa moyo.

"Fundi," akasema bila kunitazama. "Mimi mtoto wangu wa pili alikufa mchanga. Tulikuwa tunakaa nyumba za shamba la kahawa, chumba cha saruji, kidirisha kimoja. Baridi kama hii. Jiko lilikuwa ndani."

Nikakaa kwenye benchi pembeni yake.

"Midomo yake ilikuwa myekundu. Watu walisema, tazama, kamekufa na bado kanapendeza. Wifi yangu alikuwa amekuja kumwona siku ile, akamsifia. Nikasema ni yeye. Nikasema ni jicho lake. Ukoo mzima ukasema. Alikuwa anakaribia kuolewa, wale watu wakaacha. Hajaolewa mpaka leo. Kanisani anakaa upande wake, mimi upande wangu. Sasa niambie. Ni mkaa?"

"Sijui, mama," nikasema.

"Unajua."

Mtoto aliporuhusiwa kutoka hospitali, bibi alinitafuta, akaniomba nimsindikize kwa wifi yake, huko juu kwenye migomba ya ukoo, kwa kuwa eti mimi ndiye ninayejua kueleza. Pale kwenye ua wa masale, ule mmea wa kuombea radhi, alinishika mkono. "Naogopa, fundi," akasema. Nikamwambia hata mimi naogopa, na ilikuwa kweli.

Wifi yake alikuwa nje, anachambua maharage kwenye ungo, mama mwembamba aliyevaa sweta la kiume. Alituona. Hakusimama. Bibi akasogea mpaka mbele ya ungo.

"Nimesikia mjukuu alikuwa hospitali," yule wifi akasema. "Yu mzima?"

"Mzima."

"Tumshukuru Mungu. Na wewe umefuata nini kwangu?"

Nilifungua mdomo nianze kueleza, habari za hewa, za chumba, za jiko. Bibi akanizuia kwa mkono.

"Ulikuwa mkaa, wifi," akasema. "Kile kitoto changu. Hukuwa wewe. Ulikuwa mkaa."

Yule mama aliendelea kuchambua kidogo, akatoa punje mbovu, akaitupa. Kisha mikono ikasimama juu ya ungo.

"Kwamba sikuwa mimi nilijua," akasema. "Nimezeeka bila kujua ni nini."